Daraja la Pili

Kibanda cha baba kipo nyuma ya stendi ya Moshi:
meza moja, kioo chenye ufa, taa ya kuinamia,
na saa kumi na saba ambazo wenyewe hawakurudi.
Kila moja ina saa yake.

Mimi hukaa pembeni na stakabadhi za kahawa,
upande usioandikwa,
nafukuza milinganyo miwili,
x inavyokwenda, y inavyokwenda,
na kwenye bapa lote hakuna pa kujificha.

Mwanzo ni rahisi. Kitovu kimoja,
na kukizunguka, maduara yasiyo idadi,
moja ndani ya jingine kama maganda ya kitunguu.
Popote utakapodondosha nukta itazunguka,
itarudi pale pale, haitachoka, haitajifunza kitu.
Ulimwengu usio na msuguano.
Baba anatikisa kichwa:
"Saa ya hivyo sijawahi kuletewa."

Kisha naongeza kidogo. Kidogo mno:
epsiloni, herufi iliyojikunja kama jongoo aliyeguswa,
na nyuma yake vipeo vya pili,
x kwa x, x kwa y, y kwa y.
Maduara yote yanashtuka.
Mengi yanafumuka, yanageuka konokono,
yanatoka nje au yanazama ndani.
Swali ni moja, nalo limekula miezi minne:
lipi litabaki?

Nilijumlisha kuzunguka duara zima,
intigrali ndefu kama foleni ya maji Njoro,
jibu likaja sifuri.
Kilichoongezwa upande wa Mawenzi
kimenyang'anywa upande wa Kibo.
Nikamwandikia Dokta Nanyaro, kule Tengeru.
Akajibu mstari mmoja:
"Sifuri si hapana. Panda daraja la pili."

Baba alicheka aliposikia.
Daraja la pili ndilo nililopata kidato cha nne,
akaninunia wiki nzima.

Tangu Pasaka mkono wake wa kulia unatetemeka.
Si sana. Kama jani la mgomba kabla upepo haujaamua.
Lakini skrubu ya saa ya mkono ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha,
na tetemeko hilo dogo
limemfumulia maduara mengi:
kwaya, bao la Jumamosi, kujinyoa ndevu mwenyewe.
Moja halijafumuka.
Saa mbili asubuhi anafungua kufuli,
saa kumi na moja anafunga,
iwe mvua, uwe msiba. Hata bodaboda ilipomgonga mbavu
akasukumwa nje kabisa ya njia yake,
kufikia Alhamisi alikuwa amerudi juu yake.

Jana alinipa koleo dogo. "Shika wewe."
Saa ya mwalimu mmoja wa Kiboriloni, ya kukaza kwa kidole.
Nikalisikia gurudumu la mizani likienda, likirudi,
msuguano ukiiba,
springi ikirudisha kile kile kilichoibwa, si zaidi.
Ukilisukuma kwa nguvu, linatulia.
Ukiligusa kwa woga, linaamka,
linaifuata njia yake.
Nilikaa nalo sikioni mpaka baba akauliza kama nimelala.

Usiku, kwenye daraja la pili, nikalipata duara.
Moja tu, mbali kidogo na nilipotazamia.
Dokta anasema nizidi kupanda, yatatokea mawili, labda matatu;
kwamba wengine, mahali pengine, wameonyesha manne;
na kwamba kwa vipeo vya pili,
hivi hivi tulivyofundishwa tukiwa na kaptula na sketi za shule,
hakuna duniani anayejua mwisho ni mangapi.

Baba aliuliza tu kama hilo moja linakwenda sawasawa.
Nikamwambia linakwenda.
Akaichukua ile karatasi, mkono ukitetemeka,
akaikunja mara nne,
akaitega chini ya mguu mfupi wa meza.